Binti aliyefiwa, baba mlevi, wanandoa wagomvi: unasihi ni ule ule kwa wote?

Mwalimu_Bahi:
Habari zenu wadau. Nafundisha sekondari ya kata huku Bahi, na muhula huu mkuu wa shule kanikabidhi kitengo cha ushauri na unasihi. Semina ilikuwa fupi: sikiliza, usihukumu, tunza siri. Sasa nina binti wa kidato cha pili, mama yake alifariki wakati wa palizi, na tangu hapo hasemi. Nikimwita ofisini anaangalia sakafu mpaka kengele inalia. Baba yake ni mtu wa kilabuni, alikuja shuleni akitaka "nimwonye" mtoto. Na jirani yangu na mkewe, waliposikia nimekuwa mnasihi, wananiomba niwasuluhishe. Njia ni ile ile kwa wote? Naombeni uzoefu.

Mama_Chamwino:
Mbukwenyi mwalimu. Mimi ni muuguzi mstaafu wa afya ya akili hapa Dodoma. Hayo matatu ya semina ni msingi kwa kila mtu, ila kila mmoja anaingiwa kwa mlango wake.

Anza na binti. Kwa mwanafunzi, kuitwa ofisini ni kesi. Mtoe humo. Mpe kazi ya mikono, kupanga vitabu au kuchambua karanga za shule, nawe fanya naye mkiwa mmekaa ubavuni, si kutazamana. Maneno huja mikono ikiwa na shughuli. Asiposema, mpe karatasi achore nyumbani kwao zamani na sasa. Na mtaje marehemu! Watu wazima tunaogopa kumtaja mama mbele ya mtoto, tunakimbilia "kazi ya Mungu haina makosa", na mtoto anaelewa kuwa mazungumzo yamefungwa. Muulize: ukirudi shule mama alikuwa anakuwekea nini? Akilia, mwache alie.

Kisha uliza ya kawaida kabisa. Nani anapika sasa? Nani anachota maji, wadogo zake wanalala na nani? Vijijini kwetu mama akifa, kazi zake humwangukia binti mkubwa kabla hata matanga hayajaanuliwa. Huenda unachoona darasani ni huzuni na uchovu pamoja, na uchovu hautibiwi kwa maneno. Hapo unatafuta shangazi au bibi wa kumpunguzia mzigo.

Tangu siku ya kwanza mwambie siri ina mpaka: akisema anataka kufa, au kuna mtu anamgusa vibaya, utamtafutia msaada. Ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au namba 116 ya watoto, ni bure.

Baba naye kafiwa, mwalimu. Nani amemkalisha akamuuliza analalaje? Mlevi ukimwonya anajitetea, na kila anavyojitetea anazidi kuiamini pombe yake. Mwanasaikolojia Mmarekani William Miller aliliandika hili mwaka 1983, na njia yake ndiyo wengi tunaitumia: muulize pombe inamsaidia nini, umsikilize kwa dhati, halafu inamnyang'anya nini. Sababu ya kupunguza itoke mdomoni mwake. Ila kama anakunywa kila siku kwa miaka, usimhimize aache ghafla. Kutetemeka na hata degedege vinaweza kumpata, na vinaua. Kwanza kituo cha afya, na wao wataamua kama ni wa Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapa Dodoma.

Wanandoa waachie wengine. Wewe ni jirani, kesho mtakutana kisimani. Wakiendelea kung'ang'ania, zungumza na kila mmoja peke yake, na kama kuna kipigo, usiwakalishe pamoja hata dakika moja: atakayesema ukweli mbele yako ataulipia nyumbani. Baraza la usuluhishi la kata lipo kwa ajili ya migogoro ya ndoa tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, lakini kipigo ni cha Dawati.

Afisa_Ustawi_Kongwa:
Naunga mkono, hasa la kipigo. Niongeze kwa watu wazima waliolemewa na mengi kwa pamoja, madeni, mavuno mabaya, ugonjwa. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaani Harare kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati. Mtu anataja shida zake zote, anachagua moja, anaondoka na hatua moja ya kufanya. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona zilipungua. Nimeitumia kwa wakulima, wanaielewa haraka kuliko maswali ya utotoni mwao.

Mwalimu_Bahi:
Shikamoo mama, asanteni wote. Huyo baba nimwite shuleni au nimfuate?

Mama_Chamwino:
Marahaba mwanangu. Mfuate, asubuhi kabla kilabu hakijafunguliwa, na isiwe siku ya mnada. Usiende na mwenyekiti wa kijiji, ataona ameshtakiwa. Anza kwa pole ya msiba, na alichokuambia binti usikitaje kabisa.