Tuko Nungwi na wazazi, tunataka siku moja Mji Mkongwe. Tuchukue ziara ya hoteli?

Binti wa Nyegezi

Habarini za humu. Mimi na mdogo wangu tumewaleta wazazi Zanzibar kutoka Mwanza, zawadi ya miaka mingi ya ndoa yao. Tumefikia hoteli ya ufukweni huku Nungwi. Bahari wameiona, wameifurahia, lakini baba alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu na tangu tushuke boti anauliza Mji Mkongwe tunakwenda lini. Mama goti linamsumbua, ngazi zinamtesa, ila naye kasema haondoki bila kuliona lile kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa.

Watu wa mapokezi wametupa karatasi ya ziara. Dola 65 kwa kichwa. Kuondoka saa 2 asubuhi, shamba la viungo, chakula cha mchana, Mji Mkongwe, kisha boti kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe, kurudi hotelini saa 11 jioni. Tutachanganywa na wageni wengine na mwongozaji anaongea Kiingereza na Kiitaliano. Nilipouliza kama atatueleza Kiswahili, dada wa mapokezi akasema "mtaelewana tu njiani".

Mama Kiingereza hakijui. Je, tuichukue hivyohivyo, twende wenyewe, au kuna namna nyingine? Na goti la mama litaweza?

Mzawa wa Tandale

Nendeni wenyewe. Daladala 116 inatoka hapohapo Nungwi mpaka Darajani mjini, nauli ni ya kawaida kabisa. Mkishuka mko mlangoni mwa Mji Mkongwe. Dola 65 mara nne ni pesa ya kumlisha mzee samaki wiki nzima.

Kongwe wa Mkunazini

Dada, karibuni Unguja, na wazee wangu wafikishie shikamoo. Mimi nimezaliwa Mkunazini na kazi yangu ni kutembeza wageni, kwa hiyo yapime maneno yangu ukilijua hilo.

Ziara ya karatasi hiyo msiichukue. Kaa uipigie hesabu. Nungwi mpaka mjini ni karibu kilomita 60, saa nzima na zaidi kwa gari, na jioni hivyohivyo. Shamba la viungo likiendeshwa vizuri linakula saa mbili. Changuu ni boti ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, na aghalabu unaingia majini ndipo upande ngazi ya boti inayoyumba. Mama mwenye goti bovu asipelekwe huko. Ukishatoa yote hayo na chakula cha mchana, mji wenyewe unabakiwa na saa moja na kitu, na ni saa ya jua kali. Mtapitishwa mbio nyuma ya mtu aliyeshika kibao juu, baba hajamaliza kusoma kilichoandikwa ukutani ameshaitwa.

Daladala ya kaka wa Tandale ni nzuri kwa kijana. Kwa mama, safari ile na kusimamasimama kote njiani vitamchosha kabla hajaanza kutembea. Kodini gari moja la watu wanne, dereva awasubiri mjini. Bei mpatane kwa gari zima, si kwa kichwa, na mpatane kwa shilingi.

Sasa lile ninalokuombea zaidi. Tafuteni mtembezaji wenu peke yenu, wa Kiswahili kitupu mwanzo hadi mwisho. Hili nalitilia mkazo kwa sababu naliona kila siku: Mtanzania wa bara anakuja kwetu, anaunganishwa na kundi la wageni, anasimama nyuma kabisa anasubiri watoto wake wamtafsirie. Mji huu una habari zake mwenyewe na hasimuliwi. Mgeni wa Kiitaliano nikimwambia pembe za ndovu zilitoka bara, kwake ni neno tu. Baba yako anatoka Mwanza. Njia ya misafara iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea mpaka Ziwa ilipita kwa jirani zake, na waliobeba zile pembe mabegani ni Wanyamwezi na Wasukuma. Nyumba kubwa za Shangani atakazoziona zimesimama juu ya biashara hiyo na ya karafuu. Nikiwa na mzee wa huko kwenu nageuka mwanafunzi: wao wananieleza habari za upande wa pili wa njia, ambazo sisi huku pwani hatukusomeshwa skuli.

Na mji wenyewe unawafungukia. Mkipita mtaa wa Sokomuhogo, pale penye makutano ya vichochoro, mtawakuta wazee barazani na vikombe vidogo vya kahawa chungu, wengine wanacheza dhumna. Kundi la wageni linapiga picha linapita. Baba yako atatoa salamu, ataulizwa "mwatokea wapi?", na hapo atapishwa nafasi akae. Mama naye atapumzisha goti bila mtu kujua kwamba ndiyo sababu ya kukaa.

Njia ambayo ningewapitisha ni hii. Tokeni Nungwi saa 1 asubuhi mfike mjini jua bado changa. Gari liwashushe Darajani, mpite marikiti, yaani soko kuu, upande wa samaki na upande wa viungo. Marikiti hiyo ilifunguliwa 1904, na mbele yake, inapopita barabara kubwa leo, palikuwa na mkono wa bahari ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Daraja lililovuka hapo ndilo lililopapa jina. Kutoka hapo mpaka kanisani Mkunazini ni mwendo mfupi, tambarare, mama ataumudu.

Kanisani msiende haraka. Soko la watumwa lilifungwa 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka uleule likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia alikisoma Kiswahili kwa undani na kukiandikia, na amezikwa humohumo nyuma ya altare. Mbele ya altare sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe. Hapo, kwa masimulizi yaliyopokewa, palikuwa na mti waliofungwa watumwa na kuchapwa. Msalaba mdogo wa mbao ulioko ukutani umetokana na mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa Livingstone. Karibu na mlango mwambie baba azitazame nguzo vizuri, zile zilizosimamishwa juu chini, na amwombe mtembezaji amsimulie sababu.

Nje, bustanini, kuna shimo lenye sanamu za watu watano, minyororo shingoni. Kazi ya Clara Sörnäs, 1998. Minyororo yenyewe ni ya zama zile. Watu wengi hunyamaza hapo na mimi nawaacha, sisemi kitu mpaka mmoja wao aanze yeye.

Jambo moja nalisema wazi maana linaniuma. Pembeni kuna vyumba vya chini vyenye dari fupi ambamo kila kundi hushushwa na kuambiwa watumwa walifungiwa humo. Jengo lililo juu yake lilikuwa la hospitali ya misheni, na wapo wanahistoria wanaosema vyumba hivyo vilijengwa pamoja nalo, yaani baada ya soko kufungwa. Mateso ya soko lile ni kweli na hayahitaji kuongezewa chumvi. Mtembezaji akiwaeleza pande zote mbili, huyo anawaheshimu. Baba, kama mwalimu wa historia, amuulize. Mama asishuke, ngazi zile ni fupifupi na dari inakulazimisha uiname. Mabango ya maonyesho yaliyoko juu yanatosha kabisa.

Baada ya Sokomuhogo mkatize mtaa wa Hurumzi kuangalia milango. Msiitazame kumi kwa mpigo, chagueni mmoja msimame. Ile yenye vibao vya mraba na njumu za shaba ni ya mtindo wa Kihindi. Kwenye mingi ya mtindo wa Kiarabu, kwenye kizingiti cha juu mtaona maandishi ya Kiarabu, mara nyingi aya, na wakati mwengine mwaka wa Hijria. Shusheni macho kwenye miimo: kuna mnyororo umechongwa kutoka juu mpaka chini, na pale chini kabisa, jicho likizoea, unamwona samaki na magamba yake. Mtie mama mkono kwenye mbao. Ni ya zamani hiyo na bado ina makali ya patasi.

Mwishie Forodhani, bustani ya ufukweni, na mama akichoka gari linafika huko, hana haja ya kurudi kwa miguu. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, mtaiona kwa nje. Ilijengwa 1883 na Barghash, na sehemu yake iliporomoka siku ya Krismasi 2020, watu wawili wakafariki. Sisi tuliokulia chini ya saa yake, siku ile tulilia. Jirani yake ni Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Na hapo mbele baharini, tarehe 27 Agosti 1896, saa 3 asubuhi, manowari za Kiingereza zilianza kupiga kasri la Sultani, na vita vikaisha kabla haijatimia saa nzima. Baba atakuwa ameifundisha hiyo darasani. Kuisimulia akiwa amesimama na bahari ileile machoni ni kitu chengine, na ningependa umwachie yeye aisimulie kwa mama.

Mtembezaji awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Mwambie akuonyeshe kabla hamjapatana. Darajani mapapasi, wale wanaowaganda wageni wakitaka kuwatembeza, watawafuata, muwajibu kwa adabu na mwendelee na safari.

Mama Twaha, Kisauni

Ninaunga mkono kuhusu Kiswahili, niliwapeleka wifi zangu wa Mombasa na ilikuwa hivyohivyo. Ninaongeza mambo ya sisi wanawake. Mama avae dera au gauni refu na achukue kanga ya ziada begani, kwa heshima ya mji na kwa jua pia. Viatu viwe vya kufunga na soli yenye meno. Vichochoroni kuna mawe yaliyosuguliwa na miguu ya watu mpaka yanateleza, na mvua ikinyesha kidogo tu ni hatari. Maji ya kunywa mbebe. Choo aende kabla ya kuingia ndani ya vichochoro, mkahawani au pale kanisani, msingoje mpaka abanwe.

Wote wabebe vitambulisho vya taifa. Kwenye majumba ya makumbusho bei ya mwananchi na ya mgeni ni mbali kabisa.

Urojo, ule mchuzi mzito wa Unguja, wale mchana, jamani, usisubiri usiku.

Binti wa Nyegezi

Asanteni sana, hasa Kongwe, nimewasomea wazazi ujumbe wako wote mezani. Baba akanikatiza ulipotaja njia ya Tabora, kumbe babu yake mzaa mama alikuwa mpagazi, sisi watoto hatukuwahi kuambiwa. Ameanza kuandika maswali kwenye daftari.

Matatu yamebaki. Siku iliyo wazi kwetu ni Ijumaa, ina shida? Na baba anauliza Bibi Salme, binti wa Sultani aliyekimbilia Ujerumani, kama kuna pa kumwona. Na lile shamba la viungo, mdogo wangu bado analitaka.

Kongwe wa Mkunazini

Dada, habari ya babu huyo usiiache ipotee. Washa simu umrekodi mzee.

Ijumaa inawezekana, ila mwahi zaidi. Kuanzia saa 6 mchana maduka mengi yanafunga, watu wanakwenda msikitini na vichochoro vinajaa wanaume wenye kanzu. Panga muwe mmekaa mahala mnakula muda huo. Baada ya saa 8 mji unafunguka tena. Jumamosi ikipatikana, bora Jumamosi.

Bibi Salme ana sehemu yake Beit al-Sahel, kasri la ufukweni, hatua chache kutoka Beit al-Ajaib, ingawa lina ngazi, kwa hiyo piga simu kwanza au mtume mtembezaji aulizie kama siku hiyo pamefunguliwa, na ghorofa zipi. Mama akiona tabu abaki Forodhani kivulini na mdogo wako. Pamoja na hilo, alizaliwa kasri la Mtoni, 1844, na magofu ya kasri hilo la Mtoni yako kando ya njia yenu ya kurudi Nungwi, kabla ya Bububu. Dereva asimame, baba ashuke aone alikozaliwa yule aliyeondoka Unguja usiku 1866.

Shamba la viungo msilitie siku hii. Litieni siku ya kuondoka mkielekea bandarini. Mashamba ya Kizimbani na Kidichi yako upande huohuo wa barabara, na Kidichi kuna hamamu, yaani bafu la kifalme, aliyoijenga Sultani Seyyid Said kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, maua yaliyochongwa ukutani bado yanaonekana. Mdogo wako atapata iliki na mdalasini wake, boti msichelewe.

Nitumie ujumbe wa faragha nikupe majina ya watembezaji wawili wenye vitambulisho, mmoja ni mwanamke na anajua mitaa ya Malindi kuliko mimi. Mwambieni tangu mwanzo kuwa kuna goti, atapanga pa kukaa.