Siku tatu Dingle na vijiji vyake, nikiwa na mama mwenye maumivu ya magoti

Nasra_wa_Kisauni

Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Birmingham. Mama anakuja kutoka Mombasa mwezi wa nne kwa visa ya Uingereza ya matembezi, na ningependa nimpeleke Ireland siku tatu: mji mdogo wa Dingle, kaunti ya Kerry, na vijiji vinavyouzunguka. Nimefikiria wikiendi ya kwanza ya Mei. Ana miaka 68, magoti yanamsumbua, na chakula lazima kiwe halali. Nitakodi gari Dublin na kuendesha mwenyewe. Nianzie wapi, niache nini?

Mzee_Ramani

Dada Nasra, kabla ya kukata tiketi, shughulikia visa. Visa ya Uingereza haimwingizi mama Ireland, na Ireland haimo Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Ule mpango wa visa moja kutumika nchi zote mbili ni wa raia wa India na China tu. Mama aombe visa ya muda mfupi ya Ireland akiwa bado Kenya. Fomu hujazwa mtandaoni na ada ni yuro 60 kwa kuingia mara moja. Wewe nawe, kama pasipoti yako ni ya Kenya, kibali cha kuishi Uingereza hakikutoshi, unahitaji visa hiyo hiyo. Msishawishike kupitia Belfast, iliyo Ireland Kaskazini upande wa Uingereza, kwa sababu mpakani hakuna kizuizi. Sheria haibadiliki kwa kuwa hakuna askari, na mabasi husimamishwa na kukaguliwa.

Tarehe nayo uifikirie upya. Jumatatu ya kwanza ya Mei ni sikukuu ya taifa, na Dingle huwa na tamasha lao la majira hayo. Vyumba hujaa na bei hupanda. Sogeza wiki moja au mbili mbele. Mwishoni mwa Mei jua linazama karibu saa nne usiku, kwa hiyo hamtakimbizana na giza.

dereva_wa_kushoto

Kuendesha ni upande wa kushoto kama kwetu, hilo halitakusumbua. Yatakayokusumbua ni haya.

Ukitoka uwanja wa ndege wa Dublin utaingia barabara ya M50. Kati ya makutano ya 6 na 7 kuna ushuru, lakini hakuna kibanda wala kizuizi. Kamera inasoma namba ya gari tu. Unatakiwa ulipe kabla ya saa mbili usiku ya siku inayofuata, la sivyo faini inaongezwa. Waulize waliokukodisha gari kama wao ndio wanalipa halafu wanakukata, usije ukalipa mara mbili. Kutoka hapo shika M7 mpaka Limerick, kisha N21 kupitia Adare, ambako foleni ni ya kawaida, hadi Tralee. Tralee hadi Dingle ni kama kilomita 50 kwa N86. Kwa jumla weka saa tano pamoja na mapumziko.

Ramani ya simu inaweza kukuelekeza upite Conor Pass, njia ya mlimani. Kataa. Upande wa kaskazini wa mlima barabara inabana hadi gari moja tu, mwamba upande huu na bonde upande ule, na magari yanayozidi tani 2 hayaruhusiwi. Kama mama anataka kuona mandhari ya juu, pandeni kutokea upande wa Dingle hadi penye maegesho, tazameni, kisha mrudi njia ile ile. Upande huo ni mpana.

Kuhusu bima, soma orodha ya visivyolipiwa. Mara nyingi ni matairi, vioo na sehemu ya chini ya gari, na ndivyo vinavyoumia huko. Ule uzio wa maua mekundu pembezoni mwa barabara una ukuta wa mawe ndani yake. Ukibana kushoto kupisha basi, kioo cha pembeni kinaondoka. Mkikutana pembamba, aliye karibu na sehemu pana ya kupishana ndiye anayepiga rivasi, hakuna ubishi. Mkipita ufuo wa Inch utaona magari yameegeshwa juu ya mchanga. Lako liache barabarani. Mtu wa pwani anajua maji yanavyojaa, na gari la kukodi likinasa mchangani bima haihusiki.

BintiPemba

Barabara ya Slea Head ndiyo inayoviunganisha vijiji. Ni mzunguko wa kama kilomita 47 unaoanza na kuishia Dingle. Zungukeni kama mshale wa saa, yaani mwelekee Ventry kwanza. Mabasi ya watalii yanakwenda hivyo, kwa hiyo hamtakutana nayo uso kwa uso kwenye kona nyembamba, na bahari inakuwa kushoto kwenu, upande ule ule wa maegesho. Ondokeni kabla ya saa tatu asubuhi, mabasi yanaanza kufika baadaye. Jazeni mafuta Dingle.

Mkiwa na mama, Ventry ni ufuo tambarare, hauna shida. Coumeenoole ni pazuri kupatazama kutoka juu, lakini msiogelee, mkondo wake ni mkali. Gati la Dunquin lina njia ya kupinda-pinda yenye mteremko mkali. Lioneni kutoka juu na msithubutu kuteremka na gari, maana chini hakuna pa kugeuzia. Kutoka Dunquin pitieni Clogher, halafu Ballyferriter kwa chai.

Muda mwingi uwekeni Gallarus. Ni kijumba cha ibada cha mawe matupu, hakuna chokaa wala saruji, kina umbo la mashua iliyopinduliwa. Sogeeni ukutani mtazame: kila jiwe limelazwa likiinama kidogo kuelekea nje, ndiyo maana maji ya mvua yanateremka badala ya kupenya. Kina mlango mmoja mfupi na kidirisha kimoja upande wa mashariki. Kutembea ni kidogo. Kanisa la Kilmalkedar, la karne ya 12, liko karibu.

Nasra_wa_Kisauni

Shukrani nyingi sana. Na kisiwa cha Great Blasket? Nilitaka tupande boti. Na chakula je?

BintiPemba

Kwa magoti hayo, kisiwa kiacheni. Kule hakuna gati la kweli: unatoka kwenye boti kubwa, unaingia ya mpira, kisha unapanda jiwe lenye utelezi na mwani. Bahari ikichafuka safari inafutwa siku hiyo hiyo. Badala yake nendeni kituo cha Blasket pale Dunquin, makumbusho ya kisiwa hicho, hakuna ngazi za kuhangaika nazo, na mwisho wa ukumbi kuna dirisha kubwa linalotazama kisiwa chenyewe. Wakazi wa mwisho walihamishwa Novemba 1953, na maisha yao yameelezwa humo kwa heshima.

Chakula: Dingle ni mji wa wavuvi, samaki wapo tele, ila uliza maswali matatu. Unga wa kukaangia umechanganywa na bia? Mafuta ni yale yale ya soseji? Supu nzito ya samaki imetiwa nyama ya nguruwe au mvinyo? Samaki wa kuchoma na viazi ndiyo salama zaidi. Jikoni nyingi hufunga saa tatu usiku, msidanganywe na mwanga wa nje.

dereva_wa_kushoto

Nyongeza. Eneo hilo linazungumza Kiairishi na vibao vingi vya barabarani ni vya Kiairishi peke yake. Andika pembeni: Dingle ni Daingean Uí Chúis au An Daingean, Ventry ni Ceann Trá, Dunquin ni Dún Chaoin, Ballyferriter ni Baile an Fheirtéaraigh. Géill Slí maana yake pisha. Na chooni, mama aingie palipoandikwa Mná, hilo ni la wanawake. Fir ni la wanaume. Wageni wanaosoma kwa jicho la Kiingereza hukosea mlango kila siku.