Tupeane uzoefu: Kufungua mgahawa Uingereza, gharama zipi huvuruga makadirio?

Mwiko wa Pilau
Wakuu, kuna makadirio ya mgahawa mdogo wa pilau na samosa Uingereza yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Jiko, friji, sufuria, meza, rangi ya ukuta, pango la mwezi mmoja, kisha jumla. Hiyo ni orodha ya manunuzi tu. Vyombo ndiyo sehemu rahisi, bei unaiona dukani na vya mtumba vipo tele. Fedha inayozamisha watu iko kwenye jengo na kwenye miezi ya kabla ya kufungua.

Naanza na pango. La biashara mara nyingi hulipwa kwa robo mwaka, tena kabla. Kwa England tarehe za desturi ni 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba na 25 Desemba. Pango la pauni 1,500 kwa mwezi ni 4,500 kwa robo, na amana huwa ya miezi mitatu hadi sita. Aliyeandika 1,500 kwenye karatasi yake amepungukiwa na pauni 7,500 kwa uchache. Wanaoijua kazi hii, ongezeni, na mtaje namba.

Senti Hamsini
Uliza VAT ya pango. Mwenye jengo akiwa amechagua kuitoza, hiyo 4,500 inakuwa 5,400, na tangazo huandika bei bila VAT. Kama hujasajiliwa VAT, hiyo 20% hairudi kwako.

Kahawa Chungu
Hapo kwenye VAT ya pango ndipo wengi wanapolia.

Bomba la Moshi
Nimeona samosa nikashtuka. Wateja watakaa au watabeba? Swali hilo ndilo la kwanza, kabla hata ya pango.

England, maduka, ofisi na migahawa ya kukaa vyote viko Daraja E, yaani kundi moja la matumizi ya majengo kisheria, tangu 1 Septemba 2020. Kugeuza duka la nguo kuwa mgahawa wa kukaa hakuhitaji kibali cha kubadili matumizi. Lakini biashara ambayo kazi yake kuu ni chakula moto cha kubeba haimo Daraja E wala daraja lingine lolote, kwa hiyo inataka kibali kamili cha mipango miji. Halmashauri ina wiki 8 za kuamua, zinazohesabiwa tangu ombi lilipokamilika, na kinachochelewesha ombi kukamilika huwa ni moshi.

Tazama inavyoharibika. Mtu anasaini mkataba wa miaka 10, pango linaanza kuhesabiwa. Fundi anafika, anakuta dirisha la chumba cha kulala liko juu ya ukuta wa nyuma. Bomba haliwezi kuishia pale, lazima lipande hadi juu ya paa. Ukuta wa nje ni wa mwenye jengo, inatakiwa ridhaa ya maandishi, na wakili wa mwenye jengo analipwa na mpangaji. Bomba la nje nalo kwa kawaida linahitaji kibali chake, hata kwa mgahawa wa kukaa. Halmashauri inataka maelezo ya harufu na kelele: vichujio vya mafuta, vya kaboni, kizuia sauti cha feni. Halafu gesi. Inahitaji fundi aliyesajiliwa Gas Safe, orodha rasmi ya mafundi wa gesi, kwa majiko ya biashara, yule wa majumbani haruhusiwi, na atataka kifaa cha kukata gesi feni inapozima. Miezi mitano imekwisha, robo mbili za pango zimelipwa, hakuna hata sahani moja iliyouzwa. Kibali kikikataliwa, mkataba bado unambana. Akiwa ameweka dhamana binafsi, kufunga kampuni hakumuokoi.

Njia ni mbili. Ama usaini makubaliano yenye sharti kwamba mkataba utaanza kibali kikitoka, ama utafute mahali palipokuwa mgahawa, bomba lipo na vibali vyake vipo. Hata pango likizidi kwa pauni 300 kwa mwezi, chukua hapo.

Kahawa Chungu
Hii ingeandikwa kwa wino mwekundu.

Kinu na Mchi
Mbona wengine huweka viti vinne, wanajiita mgahawa wa kukaa, wanauza za kubeba?

Bomba la Moshi
Mkuu, usimpe mtu ushauri huo. Kinachopimwa ni biashara kuu, viti havihesabiwi. Jirani mmoja akilalamikia harufu, uchunguzi unaanza. Ukipewa notisi ya utekelezaji, yaani amri ya halmashauri ya kuacha matumizi yasiyo na kibali, ukaipuuza, hilo ni kosa la jinai.

Kinu na Mchi
Lakini kubeba kidogo pembeni ya kukaa kunaruhusiwa. Usiwatishe watu wakaacha kabisa.

Bomba la Moshi
Kidogo, ndiyo. Hapo tunakubaliana.

Daftari la Mkopo
Turudi kwenye namba. Mfanyakazi mmoja, saa 40 kwa wiki, kwa kima cha chini cha Aprili 2025, pauni 12.21 kwa saa: 25,397 kwa mwaka. Mchango wa mwajiri wa bima ya taifa ni 15% ya kinachozidi 5,000, yaani karibu 3,060. Pensheni ni 3% ya kinachozidi 6,240, karibu 575. Jumla 29,032.

Senti Hamsini
Umesahau nafuu ya mwajiri kwenye mchango huo wa bima ya taifa, hadi pauni 10,500 kwa mwaka. Hiyo 3,060 inafutika yote, unabaki na 25,972. Ila kampuni ambayo mkurugenzi wake ndiye mwajiriwa pekee haiipati.

Daftari la Mkopo
Kweli, nimesahihishwa. Basi ongezeni likizo ya wiki 5.6 yenye malipo. Mtu akiwa likizo, wa kushika zamu yake naye analipwa. Na bima ya dhima ya mwajiri ni lazima kisheria. Bila hiyo faini inafika pauni 2,500 kwa siku.

Nazi Mbili
Wanaopanga kuleta mpishi kutoka Mombasa au Zanzibar kwa viza ya kazi, futeni mstari huo. Tangu 22 Julai 2025 kazi ya upishi haimo tena kwenye orodha ya viza hiyo kwa waombaji wapya. Kumwajiri asiye na haki ya kufanya kazi kunaweza kugharimu hadi pauni 45,000 kwa kila mtu, na hiyo ni kwa kosa la kwanza. Wanafunzi nao, viza yenu haiwaruhusu kujiajiri.

Kinu na Mchi
Na VAT ya mauzo? Nasema jisajili siku ya kwanza. Ukinunua vifaa vya 30,000, bei kabla ya VAT, unarudishiwa 6,000.

Senti Hamsini
Hapana. Chakula moto kina 20%. Kwenye sahani ya pauni 10, pauni 1.67 inakwenda serikalini, na mchele na nyama ulivyonunua vina 0%, hakuna cha kurudishiwa huko. Subiri mauzo yakaribie 90,000 katika miezi 12 yoyote mfululizo, mpaka ambao ukiuvuka kujisajili ni lazima. Vifaa ulivyonavyo bado utaidai VAT yake hata kama ulivinunua miaka minne nyuma, ilimradi una ankara. Huduma kama wakili na fundi ni miezi sita tu.

Kinu na Mchi
Ukijua utavuka 90,000 mwaka wa kwanza, kusubiri kuna faida gani? Bei kwenye menyu itabidi ipande ghafla, wateja wakukimbie. Weka bei yenye VAT tangu mwanzo.

Mwiko wa Pilau
Kila mtu apige hesabu kwa mauzo yake: 7,500 kwa mwezi ndiyo mpaka. Na kodi ya halmashauri ya majengo ya biashara?

Daftari la Mkopo
Angalia thamani ya jengo iliyosajiliwa kwa ajili ya kodi hiyo (rateable value), usiichanganye na pango. Ikiwa pauni 12,000 au chini na hilo ndilo jengo lako pekee, England hulipi kitu. Kati ya 12,000 na 15,000 nafuu inapungua hadi kwisha. Lakini omba mwenyewe, maana usipoomba bili inakuja kamili. Na usajili biashara yako ya chakula halmashauri siku 28 kabla ya kufungua. Huo ni bure.