Mrejesho: Naxos hadi Santorini kwa meli

Habari zenu ndugu. Niliwauliza kama nipande boti ya kasi au meli kubwa ya magari kutoka Naxos kwenda Santorini, visiwa vya Ugiriki, mwezi Agosti, nikiwa na mama yangu ambaye bahari humtia kichefuchefu. Wengi mlisema meli kubwa. Nawashukuru kwa dhati, mlinishauri vyema kabisa.

Agosti ni msimu wa meltemi, upepo mkali wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean, na siku yetu ulivuma kwelikweli. Meli iliyumba kidogo tu. Mama alikaa sitaha ya nje, upepo ukimpiga usoni, akiitazama Portara, lile lango la marumaru la hekalu la Apollo, hadi likapotea. Safari ni kama saa mbili, na nauli ni nafuu kuliko ya boti.

Kwa atakayefuata: meli haikawii bandarini, kwa hiyo teremkeni mapema na mizigo yenu hadi sehemu ya magari. Bandari ya Athinios, mtakaposhukia Santorini, iko chini ya jabali refu; wahini basi la Fira, mji mkuu wa kisiwa, kabla halijajaa. Mama sasa anaulizia kisiwa cha Krete.