Bustani ya Shuzhuang, Gulangyu: inafaa kuvuka kwa ajili yake tu?

Kibindo: Wakuu, habari za leo. Nipo Xiamen, China, kikazi na Jumamosi nzima ni yangu. Mama yupo nami, ila magoti yanamsumbua. Wenyeji wanasema tuvuke hadi kisiwa cha Gulangyu, tusikose bustani ya Shuzhuang. Kuna jamaa kazini anasema ni miamba na daraja tu, picha zinatosha. Aliyefika aseme.

Mlowezi77: Nilifika. Kiingilio yuan 30, darajani watu wanakanyagana kwa ajili ya picha. Nikatoka, nikapanda mwamba wa Riguangyan ambako unaona kisiwa chote. Hiyo ndiyo Gulangyu.

BintiMaji: Kibindo, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu.

Mlowezi hasemi uongo kuhusu watu, lakini bustani ile inategemea maji. Angalia ratiba ya kujaa na kupwa kabla hujakata tiketi ya kivuko. Maji yakipwa, Daraja la Arobaini na Nne linabaki limesimama juu ya mawe na mchanga, na hapo huyo jamaa yako ana haki ya kulalamika. Yakijaa, yanapita chini ya miguu yenu na daraja linakata kona juu yake, zaidi ya mita 100.

Aliyeijenga ni Lin Erjia, wa ukoo tajiri wa Taiwan. Japani ilipoichukua Taiwan mwaka 1895, familia ikavuka kuja huku. Kwao Banqiao waliacha bustani kubwa, na mwaka 1913 akaanza hii akiikumbuka ile. Daraja lilipokamilika alikuwa na miaka 44, akaufanya umri wake kuwa jina la daraja. Tajiri mwingine angechimba ziwa. Yeye akaifanya bahari iwe ziwa lake. Kiburi, ndiyo, lakini kiburi chenye macho.

Sasa, langoni msikimbie. Mkiingia hamuoni bahari, mnaona ukuta. Mawimbi mnayasikia lakini hayapo. Mnapita, mnageuka, ndipo bahari inafunguka yote kwa mkupuo. Wengi wanapita hapo wakiwa wameinamia simu! Kisha geukeni nyuma: ule mwamba wa Riguangyan anaousifia Mlowezi umeingizwa kwenye mandhari ya bustani bila Lin kuumiliki.

Kwa mama: upande wa bahari ndio wake, kuna vibanda vya kukalia. Upande wa mlima una ngazi na mapango kumi na mawili yanayopindapinda. Huko nenda peke yako. Jumba la piano lililofunguliwa mwaka 2000 kwa mkusanyo wa Hu Youyi nalo liko juu.

Kibindo: Shikamoo imefika, anasema marahaba. Nimeangalia, Jumamosi maji yanajaa saa kumi jioni. Na kivuko tunapandia ile gati inayotazamana na kisiwa?

BintiMaji: Hapana. Mchana gati hiyo ni ya wakazi. Wageni mnaondokea Dongdu, kwenye kituo cha meli za watalii, safari ya dakika 20 hivi. Pasipoti zote mbili mkononi, na tiketi kateni mapema maana wikiendi zinaisha. Kisiwani magari hayaruhusiwi, ila kuna vigari vya umeme vya watalii vinavyopita pembezoni. Mpandishe mama hicho. Saa tisa muwe mmeshaingia, muyaone maji yakipanda.

Mlowezi77: Kumbe. Mimi nilikwenda maji yamekauka kabisa. Riguangyan siifuti lakini.