Binti yangu aliulizwa kwa nini hatumpendi Yesu, akakosa la kujibu

Mama wa Mafinga:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Naandika kutoka Mafinga, ambako familia yetu ilihamia miaka minne iliyopita kwa ajili ya kazi ya mbao ya baba watoto, na katika mtaa wetu nyumba za Waislamu ni mbili tu. Binti yetu ana miaka tisa, yuko darasa la nne, na kila Jumamosi na Jumapili asubuhi anakwenda madrasa. Juzuu Amma, ile sehemu ya mwisho ya Qur'ani, ameimaliza, na anaisoma kwa tajwidi nzuri kuliko yangu. Nilidhani hiyo inatosha. Wiki iliyopita nimegundua kwamba akikaribia shule huvua mtandio na kuukunja ndani ya begi, na kwamba siku mbili alizofunga Ramadhani aliwaambia wenzake kuwa anaumwa tumbo. Nilipomuuliza kwa upole alilia, akasema kwamba rafiki yake, mtoto mwema ambaye hushinda hapa kwetu, alimuuliza mbele ya wengine, "Kwa nini nyinyi hammpendi Yesu?" naye hakujua la kusema. Mume wangu anaona tumpeleke shule ya bweni ya Kiislamu, mbali na hapa. Mimi naona bado ni mdogo mno. Nyinyi mliolea watoto huku nyanda za juu mlifanyaje?

Baba wa Watatu, Mbeya:
Wa alaykum salaam, dada yangu. Mumeo namwelewa, kwa sababu mtoto wetu wa kwanza tulimpeleka bweni akiwa darasa la tano. Alirudi na elimu nyingi, na swala yake sina neno nayo, lakini kila likizo alikuwa hatoki ndani, maana hakuzoea kuwa Mwislamu mbele ya watu wasio Waislamu. Wawili waliofuata tumekaa nao. Kilichotusaidia zaidi ni alfajiri. Mwezi wa saba baridi ya hapa mnaijua. Mke wangu hubandika sufuria ya maji jikoni kabla ya adhana ili watoto watawadhe kwa maji ya uvuguvugu, tunaswali jamaa sote sebuleni, kisha tunakaa pamoja na chai ya tangawizi hadi muda wa kujiandaa na shule. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tuwaamrishe watoto swala wafikapo miaka saba, na mimi naamini amri hiyo inamtaka mzazi aamke kwanza.

Ustadhi, Iringa:
Mama, swali aliloulizwa binti yako si tusi, na jibu lake limo ndani ya msahafu anaousoma. Waislamu wa mwanzo waliulizwa swali la namna hiyo hiyo walipokimbilia Uhabeshi, kiasi cha mwaka 615, wakiwa wachache katika nchi ya mfalme Mkristo. Makureshi, kabila la Makka, walimtuma Amr bin al-As na zawadi ili warudishwe Makka, na Najashi, mfalme huyo, akataka kusikia kutoka kwao wenyewe. Aliyesimama kujibu alikuwa Jafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, naye bado alikuwa kijana. Hakuanza kwa kubishana wala kukashifu dini ya mwenyeji wake. Alieleza walivyokuwa wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakikata udugu na kuwadhulumu majirani, mpaka akawajia Mtume aliyewaamrisha ukweli, amana na wema kwa jirani. Kisha akasoma mwanzo wa Surat Maryam, na Najashi akalia mpaka ndevu zake zikalowa. Siku ya pili Jafar aliulizwa waziwazi wanasema nini juu ya Isa, yaani Yesu, akajibu lile lile alilofundishwa, kwamba ni mja wa Mwenyezi Mungu na Mtume wake, aliyezaliwa na Maryam bikira.

Binti yako akikijua kisa hiki atasema, bila hofu, kwamba Isa ni Mtume wetu tunayemheshimu, na kwamba mama yake ana sura nzima, ya 19, yenye aya 98. Hapa nakiri kwamba kosa ni letu sisi walimu wa madrasa, kwani tunawahifadhisha watoto herufi kwa miaka bila kuwaambia maana, halafu tunashangaa wakikosa maneno wanapoulizwa. Ama mtandio, hajabaleghe, usiufanye ugomvi.

Bibi wa Tukuyu:
Mwanangu, mimi nimelea sita kati ya watu wanaofuga nguruwe. Huku kwetu kukiwa na msiba au harusi, Wakristo hutafuta Mwislamu awachinjie ng'ombe ili wageni wote wale chakula kimoja. Marehemu mume wangu alikuwa akiitwa, naye aliwachukua wanawe wakaone baba yao anavyoelekea kibla na kusema Bismillahi, watu wazima wakiwa wametulia wakimsubiri. Watoto wale hawakuhitaji kuambiwa kwamba dini yao ina heshima. Mumeo akiitwa, aende na binti.

Mama wa Mafinga:
Bibi, shikamoo. Ustadhi na kaka wa Mbeya, Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Suala la bweni tumekubaliana kuliweka pembeni hadi amalize darasa la saba. Kisa cha Jafar nilimsimulia mara mbili usiku mmoja, kwa sababu alitaka kusikia tena pale Najashi alipolia. Jumatano alimweleza rafiki yake, na Jumamosi mtoto yule alikuja akitaka kuonyeshwa hiyo sura ya Maria; walikaa mkekani, binti yangu akasoma kwa Kiarabu nami nikiwasomea tarjuma ya Kiswahili, hadi mama yake alipomwita. Mtandio jana aliuvua tena kabla ya kufika shule. Sikusema kitu.