Naomba ushauri: fundi amepiga vanishi juu ya lakiri ya kitanda cha bibi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Marehemu bibi, mzaliwa wa Siyu kisiwani Pate, alituachia kitanda chenye miguu iliyokerezwa mapete mapete: nyekundu, nyeusi, manjano. Si rangi ya brashi ile, ni lakiri, utomvu mgumu uliotiwa rangi. Mkerezaji huuzungusha mti kwenye kerezo huku akiukandamizia kijiti cha lakiri; joto la msuguano huiyeyusha, ikashika mti, kisha husuguliwa mpaka ing'ae.

Sasa nilimwita seremala akaze mguu mmoja uliolegea, nikatoka kidogo kwenda sokoni. Narudi nakuta kapiga vanishi miguu yote minne, eti kaniongezea bure! Nyekundu imekuwa kama chai iliyochacha, na kwenye vishimo vya mapete vanishi imeganda matone. Ukigusa inanata mpaka leo, wiki ya tatu.

Jirani ananiambia nifute kwa spiriti. Naogopa, maana lakiri ni utomvu wa wadudu na spiriti huiyeyusha. Nitaondoa vanishi na kazi ya wazee pamoja. Msasa ndiyo kabisa sithubutu.

Kuna aliyewahi kuitoa bila kugusa lakiri ya chini? Nijaribu kukwangua kwa ukucha au kijiti cha mwanzi, au niiache ikauke kwanza? Pia pete moja nyeusi imebanduka kipande kama cha shilingi. Anayemjua mkerezaji wa Lamu au Mombasa anayetumia lakiri hadi leo anielekeze tafadhali. Mpya sitaki, nataka hiki hiki.